Sifuri ya nini? Miaka yangu kwenye mashimo ya matenki ya petroli

Mie kazi hii sikuisomea. Nilianza kama deiwaka tu, mwaka 2011, hapa Dar, kuna sheli ya zamani ilikuwa inavunjwa na jamaa yangu mmoja akanipigia usiku akasema kesho njoo na buti kama unazo, kuna kazi ya kuchimba, elfu kumi kwa siku na wali maharage mchana. Sikuuliza tunachimba nini. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano na kodi ya chumba inaisha baada ya wiki mbili, ningeulizaje.

Kumbe sheli yenyewe ilikuwepo tangu miaka ya sabini, chini yake kuna matenki matatu ya chuma yameliwa na kutu mpaka yametoboka, petroli imekuwa ikivuja kidogo kidogo miaka na miaka inanyweka kwenye mchanga. Tulipofika kama mita moja na nusu udongo ukabadilika, ukawa wa kijivu unaelekea kwenye weusi, ukipiga sururu harufu inakupanda mpaka nyuma ya macho. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alikuja kutuangalia akatuambia wao kisima chao waliacha kukinywa siku nyingi, maji yananuka mafuta. Tukampa pole, tukaendelea kuchimba.

Hiyo harufu naomba niieleze vizuri maana ndiyo iliyonidanganya. Saa moja asubuhi ukishuka kwenye shimo inakukaba, machozi yanatoka, unajisemea hapa leo sitoboi. Ikifika saa nne huisikii tena kabisa. Nilikuwa najua imepungua, kwamba jua limeipeperusha, nikawa nafanya kazi kwa amani zaidi kuanzia saa nne kuliko saa moja, wakati ukweli ni kinyume chake, jua likipanda ndio udongo unatoa mvuke mwingi zaidi, kilichopungua ni pua. Pua inachoka. Halafu kuna kale kahali ka kama umekunywa, kichwa chepesi, mnacheka bila sababu, mtu anasahau sepetu ameiweka wapi na ameishika mkononi, na jioni kichwa kinagonga, chakula hakipiti. Mama watoto akawa ananiambia nivulie nguo nje kabla sijambeba mtoto, alikuwa anasikia harufu kwangu ambayo mie mwenyewe siisikii. Yeye ndiye alikuwa na kipimo sahihi kuliko saiti nzima.

Kinga yetu ilikuwa nini? Maziwa. Kila saa nne bosi analeta maziwa ya pakiti, kila mtu moja, kwa nia njema kabisa, na sisi tunakunywa tunaamini yanasafisha mapafu. Imani hii ipo kila mahali, kwa wapiga rangi, kwa wachomeleaji, kwa wanaopulizia dawa mashambani. Jamani, maziwa yanaenda tumboni na mvuke unaenda mapafuni, na kutoka mapafuni unaingia moja kwa moja kwenye damu, haupiti tumboni hata kidogo ukutane na hayo maziwa. Kunywa maziwa kama chakula, ni mazuri, lakini ukiyahesabu kama kinga umeshajiua kidogo kidogo na bosi wako analala usingizi akijua amekulinda. Wengine tulifunga tisheti iliyoloweshwa maji puani, wengine wakapewa zile barakoa nyeupe za vumbi. Zinazuia vumbi kweli, lakini mvuke unapita kama vile hakuna kitu.

Wiki ya tatu ndio yakatokea yaliyotokea. Matenki mawili yalikuwa yameshatolewa, likabaki la tatu, na kabla ya kulinyanyua ilibidi litolewe uchafu wa chini, yale matope meusi ambayo pampu haiyavuti. Msimamizi akachungulia kwenye mdomo wa tenki, akanusa, akasema hewa iko poa. Akashuka kijana mmoja na ndoo na kamba, ilikuwa saa nane mchana na jua lote la Dar liko juu yetu. Ndoo ya kwanza ikapanda, ya pili ikapanda. Ya tatu kamba ikalegea. Tukaita, kimya. Mwenzake, walikuwa wanatoka mtaa mmoja, hakusubiri mtu, akaingia kwa ngazi na hakufika hata chini, tukamwona mikono inaachia. Na mie, naapa, mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Mzee mmoja fundi wa kuchomelea akanishika mkanda wa suruali kwa nyuma akanivuta mpaka nikakaa chini, akasema, "Mwanangu, ukiingia na wewe leo nitazika watatu."

Yule mzee ndiye aliyefanya kila kitu. Aliamuru mpira wa kompresa uingizwe kwenye tenki, hewa ikapulizwa kwa nguvu, wakati huo yeye amelala kifudifudi na ndoano ya nondo anamvua yule wa pili kwa mkanda wake kama mtu anayevua samaki. Alitoka anahema. Wa kwanza ilichukua muda zaidi, tulimtoa midomo imekuwa ya bluu. Wote waliishi, Alhamdulillah, lakini yule wa kwanza hakurudi yule yule. Alikaa wodini, akatoka, ukimwona unasema mzima huyu, ila ukimtuma vitu viwili dukani anarudi na kimoja, anakasirika haraka, usiku halali. Kampuni ikampa nauli na pesa ya siku alizofanya, akarudishwa kwao kijijini. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Nimekaa na tukio lile miaka mingi mpaka nilipokuja kuelewa ndani ya lile tenki kulikuwa na nini. Kwanza, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, haupandi juu ukaondoka, unalala chini kama maji kwenye beseni, kwa hiyo msimamizi aliyenusa mdomoni alinusa sehemu iliyo safi kuliko zote. Pili, chuma kinachoota kutu kinakula oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 mtu haruhusiwi kuingia bila hewa yake ya mtungi, na ikishuka chini ya 10 unaweza kuzimika kabla hujajua unazimika, hakuna kukabwa wala dalili ya kukuonya. Tatu, na hili linanitisha mpaka leo, ile hewa ya kompresa iliyowaokoa ingeweza kutuua wote. Petroli inawaka ikiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndani ya tenki kama lile mvuke unaweza kuwa mwingi kuliko kiwango cha kuwaka, na ukiingiza hewa unaushusha, unaupitisha katikati kabisa ya hapo pa kulipuka, na mpira unaopuliza hewa kwa kasi unatengeneza umeme tuli wenyewe, cheche moja tu. Mzee hakujua, aliona watu wanakufa akatumia alichonacho. Simlaumu, nipo hai kwa sababu yake. Namlaumu aliyemtuma mtu kwenye tenki na kipimo chake ni pua.

Na kuhusu kuingia kuokoa, si sisi tu wenye moyo huo. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa kwenye sehemu zilizofungwa kama matenki na mashimo ni wale walioingia kuokoa wenzao. Ukifikiria hapo kwetu, mashimo ya vyoo na visima, unajua ni hivyo hivyo, anaingia kaka, anafuata mdogo wake, anafuata jirani.

Sisi tukisikia petroli tunawaza moto. Ni haki, Msamvu pale Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta liliwaka watu zaidi ya mia wakafa, nani atasahau. Lakini moto unaonekana na unaogopesha, kwa hiyo kila saiti utakuta kibao cha usivute sigara, zima simu, ndoo za mchanga zimepangwa. Kuvuta mvuke wenyewe hakuna anayeogopa. Mtu anaweza kukaa kwenye shimo miaka kumi hajawahi kuona hata cheche, na bado akaugua.

Mwaka 2014 nikapata kazi kwa mkandarasi mwingine, safari hii ni kutoa udongo uliochafuka kwenye eneo lililokuwa bohari ya mafuta, kazi kubwa, miezi saba. Pale kulikuwa na dada mmoja wa usalama, mtu wa Mombasa, mdogo kwangu kwa umri lakini sote tulimwita dada kwa heshima. Siku ya kwanza akatupanga mbele yake, akatoa kimita cha njano kidogo kama redio, akakiwasha, kikasoma sifuri. Akaniuliza mie niliyekuwa mbele, "Kaka, hapa pako salama?" Nikasema ndiyo dada, si sifuri. Akasema, "Sifuri ya nini?"

Nilibaki nimekodoa macho. Akachukua mfuko wa saruji uliokwisha, akaugeuza, akatuandikia hesabu kwa kalamu ya makapeni, na ile hesabu naiandika hapa kwa sababu naona mpaka leo watu wana vyeti vya usalama na hawaijui.

Ile mita ya gesi nne ambayo wengi tunaifahamu inasoma oksijeni, kaboni monoksaidi, haidrojeni salfaidi na gesi za kulipuka. Namba ya kulipuka ni asilimia ya kile kiwango cha chini cha kuwaka, siyo asilimia ya hewa. Petroli inaanza kuweza kuwaka ikiwa 1.4% ya hewa, ambayo ni 14,000 ppm, yaani chembe elfu kumi na nne ndani ya kila chembe milioni za hewa. Mita ikisoma 1 maana yake ni 140 ppm. Alamu inalia ikisoma 10, ambayo ni 1,400. Sasa kiwango ambacho ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha Marekani, kinapendekeza kwa mvuke wa petroli kwa mtu anayefanya kazi saa nane ni 300. Kwa hiyo unaweza ukawa unavuta mara nne ya kiwango na mita imetulia mfukoni, haijalia, kila mtu anasema poa. Na ndani ya petroli kuna benzini, na hapa naomba tuelewane, siyo benzini kama wanavyoita wengine petroli yenyewe, hii ni kemikali moja iliyomo ndani yake, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Kiwango cha kisheria kule Marekani ni 1 ppm kwa saa nane, NIOSH wao wanasema 0.1. Ile mita haiioni hata kidogo, kwake hiyo ni sifuri. Ni sifuri ya kulipuka. Siyo sifuri ya kuugua.

Na pua nayo? Watu wengi wanaanza kuinusa benzini ikiwa tayari imezidi hiyo 1. Na ile haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai viza ambayo unaikuta kwenye matenki ya mafuta ghafi na mashimo ya maji taka, ikifika kama 100 ppm inaua uwezo wa kunusa ndani ya dakika chache, unadhani imeondoka, kumbe imeongezeka. Dada alikuwa anasema kila asubuhi, "Pua yako si mita, na mita yako si ya kila kitu."

Kipimo kinachohitajika pale ni kingine, kinaitwa PID, kina taa ndani yake inayopiga mvuke na kusoma ppm moja moja. Ni ghali, tulikuwa nacho kimoja cha kukodi, kila asubuhi anakipima kwa gesi maalum ya mtungi kabla ya kukiamini. Nacho hakikuambii hii ni benzini au ni kitu kingine, kinajumlisha tu, na unyevu wa Dar unakisumbua, hasa baada ya mvua. Kwa hiyo kikipanda anatumia vile vichupa vya kioo vinavyobadilika rangi kupima benzini peke yake. Sheria ya saiti yetu ilikuwa hivi: PID ikikaa juu ya 5 usawa wa pua ya mtu kwa dakika kadhaa, maski zinavaliwa, ikikaa juu ya 50 wote tunatoka, hakuna mjadala, hata kama tipa limesimama na bosi anaangalia saa.

Usawa wa pua ya mtu, hilo ndilo nalisisitiza. Nimeona saiti mita imening'inizwa mlangoni mwa ofisi, upande upepo unakotokea, inasoma vizuri mwezi mzima, na watu wako chini shimoni. Siyo huku kwetu tu. Kule Hanford, jimbo la Washington, Marekani, palipotengenezwa plutoni ya mabomu, kuna matenki 177 ya taka yaliyozikwa, na wafanyakazi wake walilalamika miaka mingi kwamba mvuke unawaumiza, kifua, pua kutoka damu, na wanajibiwa vipimo viko chini ya kiwango. Ilibidi waende mahakamani 2015 pamoja na jimbo lenyewe, wakafikia makubaliano 2018, ndipo kinga ya hewa ya mitungi na uchunguzi wa vifaa bora vikawekwa kwenye maandishi. Nilipohadithiwa hiyo nilimkumbuka yule kijana wetu. Mvuke unatoka kwa mafungu, sasa hivi haupo, dakika moja baadaye umepuliza usoni mwa mtu, afu umeondoka kabla aliyeshika mita hajafika.

Kitu kingine dada alichonibadilisha ni kwamba maski kwake ilikuwa ya mwisho. Sie tulizoea ukisema usalama unamaanisha maski na helmeti. Yeye anaanza na swali, lazima mtu awe pale? Kama kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinafika, kwa nini mtu ashuke na sepetu. Kama udongo unaweza kuchimbwa sehemu ndogo ndogo, kwa nini uache shimo lote wazi linatoa mvuke. Kilichochimbwa kinafunikwa turubai pale pale, hakisubiri jioni. Kazi inaanza saa kumi na mbili asubuhi na ile mbaya zaidi inaisha kabla ya saa nne, jua halijachemsha udongo. Na upepo. Mie nimekulia Pwani, babu yangu alikuwa mvuvi, kusi na kaskazi navijua tangu utoto lakini sikuwahi kuwaza vinahusiana na sheli. Tukafunga vitambaa vya rangi kwenye nguzo nne, kila asubuhi tunaangalia vinapepea wapi, na alfajiri upepo unatoka bara, mchana unageuka unatoka baharini, kwa hiyo lundo la udongo lililokuwa chini ya upepo saa moja, saa tano linawapulizia nyie. Meza ya chai ilihamishwa mara mbili kwa siku. Mwanzo tuliona usumbufu. Baada ya wiki mbili kichwa hakiniumi jioni, nikaelewa.

Maski zenyewe zina elimu yake. Ya mvuke wa mafuta inakuwa na vichujio vya mkaa, kwa mfumo wa Ulaya vina mstari wa kahawia, kwa Wamarekani mweusi. Mkaa unanyonya mvuke mpaka unajaa, ukijaa unaachia. Na unanyonya hata wakati hujaivaa! Nilikuwa natundika yangu kwenye msumari ndani ya kontena la vifaa, kontena linanuka dizeli usiku kucha, asubuhi navaa kichujio kilichokwisha. Dada alipoiona hakunigombeza, akanipa kopo la aisikrimu lenye mfuniko, akasema kaka ilaze humo, tena iandike tarehe uliyoifungua. Halafu kubwa kuliko yote, maski ya kichujio haitengenezi oksijeni. Ukiingia nayo kwenye tenki lisilo na oksijeni unakufa umeivaa.

Ndevu. Hili nilishuhudia likileta maneno. Maski ili ishike lazima ngozi iguse mpira, ndevu zinaacha njia ndogo ndogo na mvuke hautafuti njia kubwa. Tulikuwa na wenzetu watano wenye ndevu, kwao ni suna, na mkandarasi akaja juu kwamba wanyoe au waondoke. Dada akamwambia hapana, hakuna mtu atachagua kati ya dini yake na ugali wa wanawe. Wawili wakapewa kofia za kufunika kichwa chote zenye feni ya betri inayovuta hewa kupitia vichujio, hazihitaji kubana usoni, na watatu wakapangiwa kuongoza magari na kuosha matairi upande wa upepo safi. Basi, ikaisha. Mpaka leo nikisikia mtu ananyanyaswa kwa ndevu kazini naumia, maana najua suluhisho lipo, ni pesa tu na kujali.

Kuhusu kuingia ndani ya matenki, tulifanya hivyo mara mbili tu katika miezi saba yote. Hewa inabadilishwa kwa feni isiyotoa cheche iliyounganishwa na waya wa ardhini, inapimwa juu, katikati na chini, aliyeingia amefungwa hanesi, ile mikanda ya mwilini, na kamba inayopita kwenye stendi ya miguu mitatu, na aliye nje kazi yake ni moja, kumwangalia, haruhusiwi hata kupokea simu na haruhusiwi kuingia. Akianguka unazungusha mkono wa stendi anapanda. Nilipoiona ile stendi mara ya kwanza nililia, sioni aibu kusema. Ni chuma miguu mitatu na kamba. Kuna wanaotumia barafu kavu, ile ya kaboni dayoksaidi, au naitrojeni kuondoa hatari ya mlipuko ndani ya tenki kabla ya kulinyanyua, ni sawa, lakini kumbuka tenki hilo sasa halina oksijeni kabisa, lisiachwe wazi na mtu yeyote asichungulie kwa kuingiza kichwa.

Na matope ya chini ya matenki ya zamani msiyaguse kwa mikono mitupu. Huku kwetu petroli yenye risasi, ile metali ya ledi, iliachwa kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo tenki lililokuwa likifanya kazi tangu miaka ya sabini lilibeba petroli ile miaka kama thelathini, na ile kemikali ya risasi iliyowekwa ndani yake inapita kwenye ngozi na inaenda kwenye ubongo. Yule kijana aliingia na kaptula.

Kuna jambo linaloniuma hata sasa na sijapata wa kumwambia akalitatua. Matenki yakishatolewa yanauzwa chuma chakavu. Yule fundi wa chakavu huko aliko ana mtungi wa gesi ya kukatia na miwani tu, hajui tenki limebeba nini, kutu inashika petroli ndani yake na ukiipasha moto inatoa mvuke upya. Sisi tunakuwa tumemaliza salama, tumepiga picha, na hatari tumeipakia kwenye kenta tumempelekea mtu mwingine. Sasa hivi mie nikiwa msimamizi tenki haliondoki saiti mpaka lioshwe, lipimwe na likatwe matundu makubwa pande mbili kwa vifaa visivyotoa moto ili lisije kutumika hata kuhifadhia maji, maana nimeona watu wanayanunua kuhifadhia maji ya kunywa.

Afya yangu. Benzini inaenda kwenye uboho, pale damu inapotengenezwa, na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, wanaiweka kundi la 1 la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya damu, na inaweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, lakini deiwaka asiye na mkataba nani anamkumbuka. Mie nilianza kupima damu kila mwaka kwa pesa yangu, picha kamili ya damu tu ya kawaida, na majibu nayaweka kwenye faili moja na orodha ya saiti zote nilizofanya, mwaka gani, tulichimba nini, nilivaa nini. Daktari mmoja aliniambia faili lile lina thamani kuliko kipimo chenyewe, kwa sababu mtu akiugua baada ya miaka ishirini na kwenda kudai fidia, ataulizwa ulikuwa wapi, na wengi hatuna hata jina la mkandarasi.

Wiki iliyopita kijana niliyemfundisha kazi alinipigia, yuko mkoani kwenye sheli inayobomolewa, sauti ina haraka, akasema kaka shikamoo, shimo liko tayari, msimamizi anataka tushuke kutoa bomba la chini, mita inasoma sifuri, tushuke? Nikamuuliza sifuri ya nini. Akanyamaza kidogo. Akasema ngoja. Nikasikia anatembea, anamuuliza mtu PID iko wapi, mlango wa gari unafunguliwa, nikasubiri kwenye simu kama dakika sita, nasikia kijiko kinaunguruma. Aliporudi akaniambia, "Kaka, inasoma tisini, na kuna kijana ameshashuka."

Nikamwambia mtoe kwanza, halafu nipigie.